Jawabu la Sifuri

Atuganile alivua viatu mlangoni kwa dada yake kijijini Ilundo, akaingia sebuleni peku, na papo hapo akarudisha mguu nyuma. Sakafu ilikuwa ya moto. Haikuwa imepigwa na jua, maana jua lilikuwa bado upande wa pili wa nyumba. Joto lilikuwa linatoka chini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," alisema Tumpe bila kuacha kumenya ndizi. "Kumbe bado unaikumbuka njia."

Hawakuwa wameonana tangu mazishi ya mama yao. Tumpe alikuwa mlinzi wa kisima karibu maisha yake yote, mmoja wa wale waliokaa kwenye vibanda vya mawe kuuzunguka Mlima Isuba, wakipima joto na maji kila yalipobadilika na kupeleka vipimo mjini. Kisha mdogo wake, mwenye udaktari wa hisabati na mtaalamu wa Mamlaka ya Joto, akagundua namna ya kuujua mlima bila walinzi. Vibanda vikafungwa. Tumpe alipewa cheti cha shukrani chenye picha ya mlima, akakitumia kuziba dirisha la jikoni lililovunjika. Kilikuwa bado kipo pale, kimepauka.

"Sakafu imeanza lini kuwa hivi?"

"Tangu mahindi yakiwa machanga. Tumeinua vitanda juu ya matofali."

"Mmetoa taarifa?"

"Kwa nani? Kibanda mlikifunga. Nilipiga simu mjini nikajibiwa na hiyo mashine yenu. Ikasema bomba la Ilundo halipo." Tumpe alitupa ganda kwenye ndoo. "Nikachungulia dirishani, nikaliona lipo."

Atuganile alikuwa amekuja kuzungumzia msalaba wa kaburi la mama. Hawakuuzungumzia. Alitoka nje akavuka shamba la chai mpaka kwenye bomba, akaweka sikio kwenye chuma. Bomba lenye maji huvuma. Hilo lilikuwa kimya kabisa, na joto la chuma chake lilimlazimu kuondoa sikio haraka.

*

Mji wa Isuba Juu ulikuwa umejaa watu waliozikimbia nchi za chini, kule ambako miezi ya kiangazi mtu hawezi tena kukaa nje na akaishi. Hata juu mlimani, ilipofika Novemba, wazee, wagonjwa na watoto wachanga walilazwa kwenye vyumba vya ubaridi mpaka mvua zinyeshe. Umeme wa vyumba hivyo ulitoka mlimani. Maji yalisukumwa chini, yakapita kwenye nyufa za mwamba wa moto, yakarudi yakiwa mvuke, na mvuke ukazungusha mitambo.

Shida ya zamani ilikuwa kwamba mlima una kumbukumbu. Mwamba ukipata moto kwanza ndipo maji yafunguliwe, unapata hali moja. Maji yakifunguliwa kwanza ndipo mwamba upate moto, unapata hali nyingine, hata kama mwishoni joto ni lile lile na maji ni yale yale. Kwa hiyo ilibidi watu wafuatilie njia nzima, hatua kwa hatua. Wanahisabati husema mlinganyo wa namna hiyo si kamili. Atuganile alikuwa ametafuta kitu cha kuuzidishia ili ukamilike, akakipata. Mlinganyo ukishakamilika, njia haina maana tena. Kipimo cha leo kinatosha kusema mlima uko wapi. Mashine iliyopewa kazi ya kusoma vipimo hivyo iliitwa Kinara, na tangu iwashwe mji ulikuwa unavuna umeme mara mbili ya zamani.

Aliporudi kutoka Ilundo alimkuta Lwitiko akiwa zamu katika chumba cha usimamizi. Kijana huyu alikuwa mwanafunzi wake chuoni, na sasa ndiye aliyekaa mbele ya Kinara mchana. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkewe, Bupe, alikuwa amejifungua kabla ya wakati, na binti yao alilazwa chumba cha ubaridi, mdogo kiasi kwamba baba yake alimbeba kwa kiganja.

"Anaendeleaje?"

"Ameanza kunyonya, Mwalimu. Daktari anasema tusubiri mvua ndipo tumpe jina."

"Vizuri. Nifungulie Ilundo."

Lwitiko alifungua. Kwenye ramani ya mlima mabomba yote yalikuwa ya kijani, ila mstari mmoja wa kijivu upande wa kusini. Pembeni yake paliandikwa: *halipo*.

Atuganile alichukua kalamu akasogea kwenye ubao wa kioo. Mlinganyo mzima wa Isuba ulijaza kurasa nyingi, lakini kiini chake kwa kila bomba kilikuwa kifupi, na Lwitiko alikijua tangu darasani:

*y dx − x dy = 0*

"x ni nini?"

"Joto. Na y ni mtiririko wa maji."

"Mlinganyo huu ni kamili?"

"Hapana. Kipande cha kwanza ukikitofautisha kwa y unapata moja. Cha pili ukikitofautisha kwa x unapata hasi moja. Havipatani."

"Tukafanya nini?"

"Tukazidisha kwa moja chini ya y mraba. Sasa vinapatana. Upande wa kushoto unakuwa badiliko la kitu kimoja tu, x gawanya kwa y. Na kwa kuwa badiliko lake ni sifuri, kitu hicho hakibadiliki. Kinara akiona kimebadilika, anajua pana hatari." Alikuwa anajibu kama mtu aliyejibu mara nyingi. Kisha akautazama mstari wa kijivu.

"Sema," alisema Atuganile.

"y ikiwa sifuri hatuwezi kugawanya."

"Kwa hiyo Kinara anafanya nini?"

"Anaruka. Waliomtengeneza walimwambia kama hakuna mtiririko, basi hakuna bomba."

"Rudi kwenye mlinganyo wa mwanzo, kabla hatujagawanya. Weka sifuri mahali pa y, na iendelee kuwa sifuri."

Lwitiko aliandika polepole. Kipande cha kwanza kikafa. Cha pili kikafa. Ikabaki sifuri ni sawa na sifuri.

"Ni jawabu," alisema. "Mlinganyo unakubali."

"Na x inakuwa ngapi?"

Alitazama ubao. "Yoyote," alisema. "Joto linaweza kuwa lolote. Linaweza kupanda linavyotaka na mlinganyo ukaendelea kukubali."

"Tulipozidisha, tulilifuta jawabu hilo. Halikwenda popote. Tuliacha tu kuliona." Atuganile aliweka kalamu chini. "Nyufa za Ilundo zimeziba kwa chumvi. Maji yamekwama humo ndani, hayaendi wala hayarudi, na mwamba unaendelea kuyapasha. Na joto la bomba tunalipima kwenye maji yanayotoka. Yasipotoka hatuna cha kupima."

*

Mkurugenzi wa Mamlaka, Injinia Kalinga, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa sauti ya chini aliyezoea kuletewa habari mbaya.

"Unataka nizime visima."

"Upande wa kusini wote. Ukizima, presha inapata pa kupumulia, tunasukuma maji baridi kidogo kidogo mpaka pale palipoziba paachie. Na watu wa Ilundo watolewe wakati tunafanya hivyo."

"Kusini ni nusu ya umeme. Daktari, ni Novemba. Unajua vyumba vya ubaridi vina watu wangapi?"

"Najua."

"Basi nipe namba. Uwezekano wa Ilundo kulipuka ni kiasi gani?"

"Sina namba. Namba ndiyo tuliyoipoteza."

Kalinga alisugua paji la uso. "Unakumbuka kwa nini king'ora hakipigwi na mkono wa mtu?"

Alikumbuka. Miaka ya nyuma afisa mmoja aliogopa moshi, akapiga king'ora, na watu wakakanyagana kwenye daraja. Mke wa Kalinga alikuwa mmoja wao. Baada ya hapo ikatungwa sheria kwamba Kinara peke yake ndiye anayeweza kupiga king'ora na kuamuru visima vifungwe.

"Ulisimama mwenyewe mbele ya Baraza la mji," alisema Kalinga. "Ukasema mashine haina hofu wala ndugu. Sasa unaniletea hofu, na unaniletea ndugu."

"Ninakuletea hesabu."

"Nitaipeleka. Baraza linakaa joto likishapungua."

"Na Ilundo?"

"Hakuna anayekuzuia kwenda kwa dada yako ukasema unachotaka. Lakini nenda kama mdogo wa Tumpe. Usiende kama Mamlaka."

*

Watu wa Ilundo walikutana naye kwenye banda la kupimia chai. Walikuja wengi kuliko alivyotegemea, wakakaa juu ya magunia, na akawaeleza kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza: chini yao pana maji yaliyofungiwa yakipata moto, mfano wa sufuria iliyofunikwa na kuwekewa jiwe juu, na hakuna anayejua jiwe litarushwa lini. Akawaomba watoke, wapande mjini, mpaka afanikiwe kuwashawishi wakubwa.

Mwanamume mmoja mwenye mvi alisimama. Alizungumza kwa adabu.

"Binti yetu, sisi tumehamishwa mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa Kipande cha Juu, tukaambiwa ni kwa muda, wanachimba. Leo pale pana visima na ua wa chuma. Mara ya pili tulikuwa ng'ambo ya mto, tukaambiwa ni kwa usalama wetu. Pale pana karakana. Sasa hapa. Hiyo mashine yenu inasemaje?"

"Inasema hakuna hatari."

"Na ni nani aliyekuja kwenye banda hili hili akatuambia tuiamini, walinzi hawahitajiki tena?"

"Ni mimi."

"Basi sisi tumekuamini," alisema mzee, akakaa.

Hakuna aliyemzomea. Wakainuka mmoja mmoja, wakamuaga, wengine wakamshika mkono. Mama mmoja alimpa fungu la mboga apeleke mjini.

Alimfuata Tumpe mpaka kwenye uchochoro wa migomba. "Dada, njoo basi wewe. Kaa kwangu."

"Niwaache hawa?"

"Nakuomba."

"Ulipofunga vibanda hukuniomba ruhusa. Nilisoma kwenye tangazo kama wengine." Tumpe hakuwa amepandisha sauti. "Nikiondoka peke yangu leo, kila mtu hapa atasema dada wa mtaalamu kaokolewa. Bora niungue nikiwa mlinzi wa Ilundo."

"Dada, si suala la heshima hili."

"Kwako."

*

Usiku ule Atuganile hakuandika chochote wala hakukokotoa chochote, maana hapakuwa na cha kukokotoa. Alijua tangu pale kwenye ubao wa kioo kwamba ipo njia. Kinara hakuweza kuiona sifuri, lakini angeweza kuona namba ndogo. Bomba la Ilundo likiandikiwa mtiririko hafifu, hafifu kabisa, Kinara angechukua joto la mwisho alilokuwa nalo, akaligawanya kwa namba hiyo ndogo, na jibu lingepanda mpaka juu ya mistari yote ya hatari. King'ora kingelia. Visima vyote vya mlima vingefungwa.

Mtiririko huo ungekuwa uongo. Katika maisha yake hakuwahi kuandika kipimo ambacho hakikupimwa. Alishamfukuza mwanafunzi chuoni kwa kosa hilo hilo, na kijana yule alipolia alimwambia kwamba daktari akikosea atamuua mgonjwa mmoja, bali anayeghushi namba hajui hata amemuua nani.

Asubuhi alikwenda hospitali. Akamtafuta fundi wa umeme, akamuuliza betri za vyumba vya ubaridi zinaweza kukaa kwa muda gani mlima ukizimika.

"Mpaka jioni," alisema fundi. "Ni mpya hizo."

"Una hakika?"

"Nilizipokea mwenyewe."

Kuwatoa watu wa Ilundo kungemalizika kabla ya saa sita mchana. Visima vya kaskazini vingeweza kuwashwa tena mapema alasiri. Alipiga hesabu hiyo mara kadhaa akitembea kwenda kazini, na kila mara ilikaa sawa.

Lwitiko alikuwa peke yake kwenye chumba cha usimamizi. Atuganile aliketi pembeni yake, akafungua ukurasa wa kusahihisha vipimo, akaandika namba. Kusahihisha kipimo kulihitaji vidole vya watu wawili kwenye kioo. Aliweka chake.

Lwitiko aliisoma namba. "Mwalimu, maji hayatembei pale."

"Hayatembei."

"Hii siyo sahihi."

"Siyo. Ila atakachokisema Kinara akishaisoma ni sahihi."

Lwitiko aliondoa macho kwenye namba. Alikuwa anautazama mstari wa kijivu, na Atuganile alijua hafikirii mstari huo.

"Betri za hospitali," alisema hatimaye.

"Nimetoka huko sasa hivi. Zinakaa mpaka jioni."

"Umeuliza mwenyewe?"

"Nimeuliza mwenyewe. Lwitiko, ukikataa sitakulaumu. Nitafuta hii namba na tutakaa hapa tukisubiri Baraza."

Lwitiko aliisoma namba tena, mkono ukiwa bado mapajani. Kisha akaweka kidole.

Mstari wa kijivu ukageuka mwekundu moja kwa moja, bila kupitia njano. King'ora kikaanza, kwanza cha kusini, kisha vingine vikaitikia kuuzunguka mlima wote. Kwenye ramani visima vikafungwa kimoja baada ya kingine, na kadiri vilivyofungwa, taa za mji zikazimika mtaa kwa mtaa.

Ilundo walitoka. King'ora cha Kinara hawakukibishia. Walikuwa wamefundishwa kwamba hakidanganyi. Magari ya Mamlaka yaliwakuta barabarani na magodoro vichwani. Tumpe alitoka mwisho, baada ya kupita nyumba hadi nyumba kugonga milango, kama walinzi walivyofundishwa zamani.

Betri za hospitali zilikuwa zimekaa miaka mitatu kwenye joto la stoo bila mtu kuzijaribu. Zilikufa kabla ya saa tano asubuhi. Wauguzi waliwapepea wagonjwa kwa makaratasi na kuwamwagia maji, na maji nayo yakakatika kwa kuwa pampu zilitumia umeme. Mchana ule ulikuwa wa moto kuliko yote ya mwaka.

Jioni redio ilisoma majina ya waliofariki. Yalikuwa kumi. Kisha msomaji akasema mtoto wa kike wa Bupe na Lwitiko, kwa kuwa huyo hakuwa na jina.

*

Baraza la uchunguzi lilikaa kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwanasheria aliyeuliza maswali mafupi.

"Siku hiyo maji ya Ilundo yalikuwa yanatiririka?"

"Hapana."

"Uliandika kwamba yanatiririka?"

"Ndiyo."

"Mlima ulilipuka?"

"Hapana. Visima vilifungwa, presha ikapumua, na..."

"Nimeuliza kama ulilipuka."

"Haukulipuka."

"Kwa hiyo asubuhi mlima ulikuwa mzima na jioni ulikuwa mzima. Na asubuhi watu kumi na mmoja walikuwa hai, na jioni hawakuwa hai. Nimekosea mahali?"

Atuganile alitaka kueleza kuhusu jawabu lililofutwa, juu ya sifuri inayokubali joto lolote. Alikuwa amejiandaa. Akaona nyuso za wafiwa kwenye benchi la mbele, wazee waliovaa nguo safi, na maneno yote ya hisabati yakawa ya aibu mdomoni.

"Hujakosea," alisema.

Lwitiko aliitwa baada yake. Alikuwa amekonda. Wakili wa Mamlaka alijaribu kumpa nafasi ya kujiokoa, akamuuliza kama alidanganywa, kama alilazimishwa, kama alielewa alichokuwa anaidhinisha.

"Nilielewa," alisema. "Aliniambia namba si ya kweli. Na aliniambia betri zinakaa mpaka jioni. Aliniambia alichoambiwa."

"Ungejua betri ni mbovu ungeweka kidole?"

"Nisingeweka."

"Hata kama Ilundo wangekufa wote?"

Lwitiko aliinamisha kichwa. "Nisingeweka," alirudia.

Alipokuwa anatoka alipita mbele ya Atuganile. Kwa mazoea akaanza kusema, "Shikamoo, Mwa..." kisha akatembea mpaka mlangoni ambako Bupe alikuwa anamsubiri akiwa ameupa ukumbi mgongo.

*

Kalinga alikuja kumwona rumande. Alileta matunda, akayaweka mezani, akavuta kiti.

"Tumetoboa Ilundo," alisema. "Tulitaka kuthibitisha kwamba hakuna kitu, tufunge jalada. Mvuke uliirusha mashine ya kutobolea juu ya miti. Bahati mafundi walikuwa mbali. Na huo ni mwamba uliokwisha kupumua kwa wiki mbili." Alichezea kifuniko cha chupa ya maji. "Ulikuwa sahihi, Daktari. Wasingebaki watu kule."

Atuganile aliinua uso. "Utasema barazani."

"Hapana."

"Injinia."

"Kuna miji mitano inayotumia kizidisho chako. Kila mmoja una mabomba yaliyoandikwa hayapo. Nikisema hadharani kwamba Kinara ni kipofu, kesho watu watakanyagana kwenye madaraja matano. Nimeshawahi kuokota viatu darajani. Tunarekebisha kimya kimya. Vijana wameshaliandika jawabu lako la sifuri ndani ya mashine. Wameliita sahihisho la kawaida."

"Na wale kumi na mmoja wanabaki wameuawa na hofu yangu."

"Wanabaki wamekufa. Mimi siwezi kubadilisha hilo kwa kusema, na wewe pia." Alisimama. "Nitahakikisha kifungo kinakuwa kifupi."

"Watu wa Ilundo wanarudi lini?"

Kalinga alikuwa ameshafika mlangoni. Alifunga kifungo cha koti, ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Hawarudi," alisema. "Pale pana joto ambalo hatukujua kama lipo. Ndilo kubwa kuliko yote mlimani. Baraza limeshapitisha. Uzio umeanza kuwekwa."

*

Kifungo kilikuwa kifupi kweli. Alitoka msimu wa mvua, akiwa amezuiwa kwa sheria kufundisha na kugusa kipimo chochote cha umma. Nyumba yake ya Mamlaka ilikuwa imepewa mtu mwingine. Akachukua begi lake akaenda kwenye mahema ya watu wa Ilundo, nyuma ya uwanja wa mpira wa mji.

Matope yalikuwa mpaka vifundoni. Kwenye foleni ya bomba wanawake walimwona, na waliokuwa wakiongea wakaacha. Yule mama aliyempa mboga alivuta ndoo yake karibu na miguu. Mzee wa mvi alikuwa amekaa mlangoni mwa hema; alimtazama akipita kama anavyotazamwa mpita njia.

Tumpe alikuwa anapika kwenye jiko la mkaa chini ya kipande cha turubai. Alimwona, akaongeza maji kwenye sufuria, akasogeza boksi ili mdogo wake apate pa kukaa. Walikula huku mvua ikianza kudondoka. Baada ya kula Tumpe alikusanya vyombo kwenye beseni, lakini hakuviosha.

"Kalinga alikuja huku," alisema. "Alitutangazia kuhusu uzio. Baadaye akaniita pembeni, akaniambia kuhusu ile mashine iliyorushwa juu ya miti. Alisema nina haki ya kujua, na nisimwambie mtu."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia wote siku hiyo hiyo."

Atuganile alitazama nje, kwenye foleni. "Kwa hiyo wanajua."

"Wanajua wangekufa. Wanajua pia kwamba lile shamba la chai halipo tena, na makaburi yamo ndani ya uzio. Mama yumo ndani ya uzio, Atu. Juzi nilikwenda na maua, mlinzi akaniuliza kibali."

Mvua iliongezeka. Tumpe alisukuma turubai kwa fimbo ili maji yaliyotuama yamwagike upande wa pili.

"Nikuulize, na unijibu kweli. Usingeandika ule uongo, tungetoka?"

"Nilikuja kuwaambia ukweli. Hamkutoka."

"Najua hatukutoka. Mimi mwenyewe nilikataa." Aliketi tena. "Nimelifikiria sana. Nikiwa macho nasema bora tuko hai. Nikilala naota nyumba yangu, na nikiamka nakuchukia kabla sijakumbuka sababu. Yote mawili ni kweli, na hakuna linaloliondoa jingine."

"Nifanye nini, dada?"

"Sijui. Usiniombe shukrani. Mimi sitakuomba nyumba." Alimsogezea beseni la vyombo. "Na kule hema la tatu kuna mke wa yule kijana, Bupe. Ameiacha nyumba yao ya mjini, amekuja kukaa na shangazi yake. Akija kuchota maji, wewe usitoke. Mimi nitakuambia akishaondoka."

Atuganile alikunja mikono ya gauni, akaanza kuosha. Alipofika kwenye sufuria, Tumpe alisema kwa sauti ya chini, "Anakuja," naye akaweka sufuria chini, akaingia ndani ya hema, akaketi gizani juu ya gunia la nguo akisikiliza maji yakijaza ndoo ya mtu mwingine.